NBA Jam ya PS2: Jina Kubwa, Gemu Ya Kawaida. Soma Hii Kabla Utoe Doh

Kama uko Wote, Kitui town, Mwingi ama pale Emali, unajua PS2 bado haijazikwa. Sony walianza kuiuza Japani Machi 2000 na wakaacha kuitengeneza mapema 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 155. Haitaki intaneti, haitaki bando. Stima ikiwa, mnacheza. Ndio maana ukishuka ocha bado unaipata sebuleni kwa kina binamu.

Sasa, siku moja utaonyeshwa CD imeandikwa NBA Jam. Utasikia jina na mfuko utaanza kuwasha. Tulia kwanza. Hii hapa rada yote.

Jina lilitoka wapi?

NBA Jam ya kwanza ilitoka 1993, ikiwa ile mashine ya kutumbukiza sarafu. Waliotengeneza ni Midway wa Chicago, na mkuu wa mradi alikuwa Mark Turmell. Sheria zilikuwa rahisi: wawili kwa wawili, hakuna faulo, kusukumana ruksa. Ukifunga mara tatu mfululizo unashika moto, mpira unawaka na tabo haiishi. Wachezaji walikuwa wanaruka juu ya ringi kama wamerushwa na kombora. Sauti ya mtangazaji ilikuwa ya Tim Kitzrow, huyo wa "Boomshakalaka!"

Hata Michael Jordan hakuwa ndani, juu ya mambo ya haki za jina lake, na bado watu walipanga laini. Kuna siri pia: Turmell ni shabiki wa Detroit Pistons, na alikuja kukubali kwamba aliwawekea Chicago Bulls kamchezo. Wakicheza na Pistons na mechi iko pabaya sekunde za mwisho, shuti za Bulls zinakataa kuingia. Hiyo ndiyo roho ya gemu: watu wenye utani, wanaojua wanachofanya.

Jina na watu wakaachana

Hapa ndipo mambo yaliharibika. Kampuni ya Acclaim, iliyokuwa inauza NBA Jam za konso za nyumbani, ndiyo ilibaki na jina. Midway wakabaki na watu na ujuzi, wakaendelea na mchezo uleule kwa majina mengine: NBA Hangtime 1996, kisha NBA Showtime 1999. Yaani ni kama hoteli maarufu ya pilau imeuzwa kibao cha mlangoni, halafu mpishi akahamia ng'ambo ya barabara.

Septemba 2003 Acclaim wakatoa NBA Jam mpya ya PS2 na Xbox. Mtandaoni watu huiita NBA Jam 2004 ili wasiichanganye na ile ya zamani. Hiyo ndiyo CD utakayoonyeshwa.

Mbona iliangusha watu?

Kwanza, waliongeza mchezaji. Badala ya wawili kwa wawili, ikawa watatu kwa watatu. Inakaa kitu kidogo, lakini fikiria uwanja: watu wanne wana nafasi ya kukimbia na kuruka, sita wanaanza kugongana. Ile kasi ya "nimekunyang'anya, nimeenda, danki!" inapungua.

Utaniambia, "Lakini buda, NBA Street pia ni watatu kwa watatu." Kweli kabisa. Tofauti ni kwamba NBA Street ilijengwa hivyo tangu siku ya kwanza. Mnaenda hadi 21, mbwembwe zinajaza kipimo, kikijaa unapiga shuti moja inayokuongezea pointi na kumpunguzia mpinzani. Kila mtu uwanjani ana kazi. NBA Jam ya 2003 ilichukua gemu ya watu wanne ikaibandika wawili zaidi.

Hata basketi ya ukweli ya watatu kwa watatu, ile iliyoingia Olimpiki za Tokyo, inachezwa nusu uwanja, ringi moja, dakika 10 ama pointi 21. Idadi ya watu inaendana na nafasi.

Pili, wakati ulikuwa mbaya. NBA Street Vol. 2 ilikuwa imetoka mwaka huohuo wa 2003, na ilikuwa moto. Wakaguzi wa magemu wakaipa NBA Jam alama za wastani tu. Si takataka, lakini jina kama hilo ukilipa "wastani" ni kama umelitukana. Mwaka uliofuata, 2004, Acclaim wakafilisika na kufunga kabisa.

Kwa hivyo ununue ama uache?

Piga hesabu ya mtaa. Tuseme base yenu inatoza mbao kwa gemu moja na CD inauzwa soo mbili. Hiyo ni michezo kumi. Kama unajua mtaichoka kabla ya ya kumi, weka doh yako. Kama umeipata bure ama ya kubadilishana, chukua, danki zake bado zinachekesha.

Kabla ya kulipa, angalia haya:

- Ukiwa na CD orijino, tazama namba yake. SLES ni ya Ulaya, SLUS ni ya Marekani. PS2 ya Ulaya isiyo na chipu haitasoma ya Marekani.
- Inua CD kwa mwanga uone mikwaruzo, na uombe ichezwe mbele yako hadi mechi ianze. Menyu kufunguka haitoshi.
- PS2 ina mashimo mawili ya padi. Mkitaka kucheza zaidi ya wawili, mnahitaji kifaa cha kuongeza padi.
- Bila memori kadi, kila ulichofungua kinapotea ukizima.

Ukitaka raha ya ukweli kwa PS2 hiyohiyo, tafuta NBA Street Vol. 2, NBA Street V3 ya 2005, ama NBA Ballers ya 2004, ambayo ni ya Midway wenyewe. Na kama mna PS3, EA walirudisha NBA Jam 2010: wawili kwa wawili, Turmell akisaidia na Kitzrow kwa maiki. Hapo jina na watu walikutana tena.

Story ni hiyo, wadau. Ukiona jina kubwa kwa CD, uliza kwanza ni nani alipika.