Kutoka "Mshenzi" hadi Mgonjwa: Historia Fupi ya Tiba ya Ndani ya Mbwa wa Kongo

1. Utangulizi

Yeyote anayesoma historia ya Kiswahili katika Maniema hukutana mapema na jozi ya maneno mungwana na mshenzi. Jozi hiyo ilipata nguvu huku kwetu katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakati misafara ya pembe na watumwa ilipoweka vituo vyake Nyangwe na Kasongo. Mungwana alikuwa mtu wa msafara: alivaa nguo ndefu, alisema Kiswahili na mara nyingi alifuata Uislamu. Mshenzi alikuwa mwenyeji wa msitu ambaye hakuwa na hayo. Jina Kingwana, ambalo lugha yetu iliitwa kwa muda mrefu, limetokana na upande wa kwanza wa jozi hiyo.

Upande wa pili nao umeacha jina ambalo limefika mbali zaidi. Katika nchi za Ulaya na Marekani mbwa mdogo wa msitu wa Kongo, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, anaitwa basenji. Neno hilo ni wingi wenye kiambishi ba- mahali pa wa-: ni "washenzi" wetu katika matamshi ya Kongo. Wafugaji wa kigeni hulieleza kwa upole kuwa maana yake ni "kiumbe cha porini". Msomaji wa Kindu hahitaji maelezo hayo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi mbwa huyo aliyeitwa mshenzi alivyogeuka kuwa mgonjwa maarufu wa madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani ya wanyama. Hoja yetu ni kwamba maradhi yaliyompa umaarufu huo yalikuzwa na safari yenyewe, yaani na uchache wa mbwa waliochukuliwa kutoka kwetu; na kwamba sehemu ya dawa ilikuja kutafutwa katika vijiji vile vile vya Kongo.

2. Mbwa katika msitu

Mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Georg Schweinfurth, alipofika katika nchi ya Wazande mwaka 1870 aliwaeleza mbwa wadogo wa wenyeji waliofungwa kengele za mbao shingoni. Kengele hiyo inaeleweka. Mbwa huyu habweki kama wengine. Akifukuza mnyama ndani ya majani marefu, mwindaji humfuata kwa sauti ya kengele. Hapa Maniema pia mbwa ni mwenzi wa mwindaji wa nyavu, na miongoni mwa sanamu ndogo za wanyama ambazo Walega huzitumia katika mafunzo ya bwami mbwa amepewa nafasi yake.

Hali yake katika miji ya waungwana ilikuwa nyingine. Sheria ya Kiislamu inahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, ijapokuwa inaruhusu nyama iliyokamatwa na mbwa aliyefunzwa kuwinda. Paka, kinyume chake, ni safi na hukaa ndani. Hivyo paka aliingia nyumbani na mbwa akabaki uani, tofauti ambayo bado inaonekana katika mitaa mingi ya Kindu na Kasongo. Tofauti hiyo inahusu pia tiba: mnyama anayelala uani huonekana akiwa amekwisha kudhoofu, na dalili za mwanzo za ugonjwa wa ndani hupita bila shahidi.

3. Safari na vifo

Mwaka 1895 mbwa wawili kutoka Kongo walionyeshwa London katika maonyesho ya Crufts. Hawakuishi muda mrefu: waliuawa na distempa, ugonjwa ambao wasemaji wa Kifaransa huuita ugonjwa wa Carré. Jina hilo ni la daktari wa wanyama Henri Carré ambaye mwaka 1905 alionyesha kwamba maradhi hayo huletwa na kiini kidogo kinachopenya katika vichujio vya maabara, yaani virusi. Mbwa wa Ulaya walikuwa wamezoeana nao kwa vizazi vingi. Mgeni wa msituni hakuwa na kinga.

Jaribio la pili lilikuwa na msiba wa namna nyingine. Mwaka 1923 Helen Nutting alipeleka Uingereza mbwa 6 kutoka kusini mwa Sudani, karibu na mpaka wa Kongo. Walimaliza muda wa karantini, kisha wakadungwa chanjo ya distempa iliyokuwa bado katika majaribio, wakafa wote. Kinga yenyewe ndiyo iliyowaua. Utafiti wa Laidlaw na Dunkin huko Mill Hill, ulioanza katika miaka hiyo hiyo, ulitoa chanjo ya kutegemewa kabla ya mwisho wa muongo.

Hatimaye Olivia Burn alifaulu. Mbwa aliowachukua kutoka Kongo ya Wabelgiji walionyeshwa Crufts mwaka 1937, na kuanzia hapo jina basenji likaenea. Marekani nayo ilipata wazazi wake wa kwanza katika miaka ya 1940. Jambo la kukumbuka ni hesabu. Waliopona safari, maradhi na chanjo walikuwa wachache sana, na wajukuu wote wa Ulaya na Marekani walitokana na hao.

Wakati huo huo sayansi ya tiba ilikuwa ikifanya kazi katika Maniema yenyewe, lakini ilikuwa na maswali mengine. Joseph Everett Dutton wa Chuo cha Liverpool alikufa Kasongo mwezi wa Februari 1905 kwa homa ya kupe ambayo alikuwa akiichunguza. Malale ya watu na nagana ya mifugo ndiyo yaliyoshughulikia watafiti na serikali. Mbwa hakuwa na thamani katika hesabu za koloni. Alitajwa hasa pale alipokuwa na kichaa na kumwuma mtu. Kwa maneno mengine, mbwa wa Kongo alikuwa hatari kwao huku kwetu, na huko ng'ambo alikuwa hazina. Katika hali zote mbili alikuwa bado hajawa mgonjwa.

4. Figo zinazovuja

Mwaka 1973 kiliundwa Marekani Chuo cha Madaktari Bingwa wa Magonjwa ya Ndani ya Wanyama (ACVIM). Ulaya iliunda chake mwaka 1994. Kazi ya madaktari hao ni ile ile ya wenzao wa binadamu: moyo, ini, figo, damu, tezi, viungo ambavyo havionekani kwa macho na ambavyo hujieleza kwa dalili tu.

Miaka 3 baada ya kuundwa kwa chuo hicho, yaani 1976, iliandikwa habari ya basenji 3 waliokuwa na sukari katika mkojo ingawa sukari ya damu yao ilikuwa ya kawaida. Tatizo lao lilifanana na lile ambalo Guido Fanconi, daktari wa watoto wa Zürich, alikuwa amelieleza kwa watoto katika miaka ya 1930. Figo yenye afya huchuja damu, kisha hurudisha mwilini vitu vya thamani kabla mkojo haujatoka. Katika ugonjwa wa Fanconi kazi ya kurudisha huharibika. Sukari, chumvi za fosfeti, potasiamu, bikaboneti na vijenzi vya protini humwagika pamoja na mkojo. Mbwa hunywa maji mengi, hukojoa sana, hukonda, na damu yake huwa na asidi nyingi. Dalili huanza kwa kawaida kati ya umri wa miaka 4 na 8, yaani baada ya mbwa kuzaa. Ndiyo maana wafugaji walieneza kasoro hiyo bila kujua.

Imekadiriwa kwamba kati ya basenji 10 na 30 kwa kila 100 waliozaliwa Marekani walipata ugonjwa huu. Hapo kwanza walikufa. Mabadiliko yaliletwa na Steve Gonto, aliyekuwa na basenji wake. Yeye aliweka utaratibu ulio rahisi kueleza: kupima gesi na chumvi za damu mara kwa mara, kisha kurudisha kwa vidonge kile kilichovuja, hasa bikaboneti. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba nusu ya mbwa wagonjwa waliishi zaidi ya miaka 5 baada ya kugunduliwa kuwa na ugonjwa. Figo haikupona, lakini mbwa aliishi karibu umri wake wa kawaida.

5. Kurudi Zaire

Dawa ilirefusha maisha ya mmoja mmoja, haikuondoa chanzo. Kasoro hii hurithiwa kwa siri: mtoto huugua akiipokea kwa baba na kwa mama pia, na wazazi wawili wanaoibeba bila kuugua huweza kuzaa mgonjwa 1 kati ya watoto 4. Katika ukoo uliotokana na mababu wachache, wabebaji hukutana kila mara.

Ndipo wafugaji wa Marekani walipokumbuka mahali mbwa walipotoka. Mwaka 1987 na 1988 Jon Curby na Michael Work, pamoja na wenzao, walisafiri kaskazini-mashariki mwa Zaire kutafuta mbwa vijijini. Mwaka 1990 American Kennel Club ilifungua daftari lake la nasaba na kuwakubali mbwa 14 walioletwa na safari hizo. Daftari likafunguliwa tena kuanzia 2009 hadi 2013. Kwa upande wa maabara, Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha kwanza cha urithi mwaka 2007 na kipimo cha kasoro yenyewe mwaka 2011. Tangu hapo mfugaji anaweza kuchagua wazazi ambao hawatazaa mgonjwa.

Yafaa tutafakari maana ya safari hizo. Mbwa wa kijijini, asiyekuwa na cheti wala jina katika daftari lolote, alitafutwa kwa sababu ya utajiri ambao jamaa zake wenye vyeti walikuwa wameupoteza. Huyo "mshenzi" ndiye aliyeombwa awe tabibu.

6. Suala la istilahi

Kwa mwanaisimu, kisa hiki kina funzo la pekee. Mbwa anapokojoa sukari, neno la kwanza linalokuja ni kisukari. Neno hilo linapotosha, kwa kuwa katika kisukari sukari imezidi ndani ya damu, na hapa damu ni nzima na figo ndiyo inayovuja. Atakayetibu kwa kufuata jina atampa mbwa insulini na kumwua. Hivyo tunapendekeza istilahi uvujaji wa figo, pamoja na jina la Fanconi kwa wataalamu. Inatamkika, na inaonyesha mahali pa kosa.

Pendekezo hilo peke yake halitoshi. Tunacho Kitivo cha Tiba ya Mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho hufundisha kwa Kifaransa. Tunao pia wawindaji wazee ambao wamewatazama mbwa wao maisha yote, nao wana maneno ya kutaja mbwa anayekonda, anayepoteza harufu, anayekunywa bila kukoma. Maneno hayo yako katika Kilega, Kisongola, Kikusu na katika Kiswahili cha mito na njia za msituni, ambamo mbwa bado ni imbwa. Hayajakusanywa. Kila mwindaji anapozikwa, sehemu ya kamusi hiyo inazikwa pamoja naye.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba mbwa wa Kongo alipata daktari pale alipopata jina, nasaba na mtu wa kuandika siku aliyoanza kunywa maji kupita kiasi. Vitu hivyo vitatu havihitaji maabara kubwa. Viwili kati yake ni kazi ya lugha. Mwandishi wa makala haya hajapata kumwona Kindu daktari bingwa wa magonjwa ya ndani ya mbwa na paka, na hadai kwamba hilo ndilo hitaji la kwanza la mji ambao watu wake wenyewe wanatafuta dawa. Lakini mwanafunzi mwenye daftari anaweza kuvuka Lualaba, kuketi na mwindaji na kuandika. Wageni walikuja kuchukua damu ya mbwa hawa kwa sababu kwao ilikuwa imepungua. Maneno yanayowahusu yangali huku kwetu, na hakuna atakayesafiri kutoka mbali kuja kuyachukua. Kazi hiyo ni yetu.