Kuzuia Kuvuja kwa Damu na Hewa Baada ya Kuchukuliwa Kinyama cha Pafu kwa Sindano

Mgonjwa anapobainika kuwa na uvimbe katika pafu, daktari anaweza kuagiza achukuliwe kinyama kwa sindano ndefu inayopitishwa kifuani kwa kuongozwa na picha za CT-Scan. Kinyama hicho hupimwa maabara ili kujua endapo uvimbe ni saratani au ugonjwa mwingine. Pale kifua kikuu kinaposhukiwa, makohozi hupimwa kwanza, kwani majibu yake huweza kumwepusha mgonjwa na sindano.

Madhara makuu ya kipimo hiki ni mawili: kutokwa na damu, na hewa kuvuja kutoka pafuni na kujikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua, hata pafu likasinyaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu wagonjwa zaidi ya 15,000 wa majimbo manne ya Marekani ulionesha kuwa asilimia 15 walivuja hewa, na asilimia 6.6 walihitaji kuwekewa mrija kifuani. Waliotokwa na damu walikuwa asilimia 1. Wavutaji sigara na wenye ugonjwa sugu wa mapafu walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Kinga huanza siku kadhaa kabla ya kipimo. Mgonjwa anapaswa kumweleza daktari dawa zote anazotumia, hususan warfarini, klopidogreli na aspirini, zikiwemo zile alizojinunulia dukani. Warfarini kwa kawaida husimamishwa takribani siku 5 kabla. Hata hivyo, mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Kwa mwenye vali bandia ya moyo, kuiacha ovyo kunaweza kusababisha kiharusi. Damu hupimwa pia uwezo wake wa kuganda.

Wakati wa kipimo, daktari huchagua njia fupi isiyopita penye mishipa mikubwa, na hujitahidi kutoboa utando wa pafu mara chache iwezekanavyo. Mgonjwa naye ana sehemu yake: apumue taratibu, asiongee, asikohoe. Kikohozi kikimzidi, atoe taarifa kabla sindano haijaingizwa.

Baada ya sindano kutolewa, mgonjwa hulazwa kwa ubavu uliochomwa. Uzito wa mwili husaidia kuziba tundu, na damu ikitoka haielekei kwenye pafu zima. Baadhi ya hospitali huingiza damu kidogo ya mgonjwa mwenyewe katika njia ya sindano ili igande na kuizibа. Picha ya eksirei hupigwa saa chache baadaye, kabla ya ruhusa.

Makohozi yenye michirizi ya damu kwa siku moja au mbili si jambo la kutisha. Kupumua kwa shida, maumivu makali ya ghafla kifuani au kukohoa damu nyingi kunahitaji kurudi hospitali mara moja, hata usiku. Aliyevuja hewa asisafiri kwa ndege hadi daktari athibitishe kuwa pafu limerejea katika hali yake.