Ujumbe wa gari uliovunja ukuta wa baiti nane

Lori linalopakia saruji Pongwe hubeba tani nyingi, lakini ndani ya nyaya zake ujumbe mmoja ulipangiwa usizidi baiti nane. Na fundi umeme wa Ngamiani akichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani wa gari la Ulaya, akaomba namba ya chesisi, jibu humjia kwa vipande vitatu.

Mambo yalianzia Ujerumani mwaka 1983, wahandisi wa Bosch walipokosa mfumo wa mawasiliano uliofaa magari. Februari 1986, Uwe Kiencke na wenzake waliwasilisha mfumo wa CAN mjini Detroit: kompyuta zote za gari zizungumze kwenye jozi moja ya nyaya. Kikomo cha baiti nane hakikuwa ubahili. Joto la maji au mzunguko wa injini huingia kwenye baiti moja au mbili, na taarifa ya breki haiwezi kungoja mwingine amalize hotuba.

Tabu ilikuwa kwenye maneno marefu. Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17, na jibu zima, pamoja na utangulizi wake, ni baiti 20. Dawa ya kwanza ikawa kukata. Kanuni ya ISO 15765-2 hutuma baiti sita kwanza, kisha saba, kisha saba. Nafasi iliyobaki hubeba urefu wa ujumbe na namba ya kipande. Kwa njia hiyo ujumbe ulifika baiti 4,095. Malori yakafuata kanuni yao, J1939, ambayo njia yake ya kawaida ya kukata huishia 1,785.

Zilitosha, mpaka mafundi walipoacha kuuliza tu na kuanza kuingiza programu mpya kwenye kompyuta za injini. Mwaka 2012 Bosch ilitoa CAN FD: baiti 64 kwa ujumbe, tena kwa kasi zaidi. Ni kama barazani: wote husikilizana polepole mpaka ijulikane nani anashika zamu, naye akishaishika anaweza kuongea haraka. Mwaka 2016 ISO 15765-2 nayo ikapanuliwa, kikomo kikazidi baiti bilioni nne. Lakini ni kwenye karatasi tu.

Waandishi wa programu walikwenda kwa tahadhari, na hapo ndipo kisa kinaponivutia. Mfumo wa kompyuta wa Linux ulipokea programu ya CAN kutoka Volkswagen mwaka 2008, na baiti 64 mwaka 2012, kwa sharti kwamba programu iziombe yenyewe, ili za zamani zisivurugike. Ile kanuni ya kukata vipande iliingia rasmi mwaka 2020 ikiwa na dari ya baiti elfu nane na ushei. Mwaka 2023 msimamizi wa mfumo akaruhusiwa kuipandisha hadi kilobaiti 1,025. Mbona si bilioni nne? Kila ujumbe hutengewa kumbukumbu, na kuiachia programu yoyote ijimegee gigabaiti ni kukaribisha balaa. Walifanya vyema.

Magari yetu mengi huja yameshatumika miaka kadhaa Japani, hivyo CAN FD inatufikia kwa kuchelewa. Lakini inakuja, na kifaa cha CAN ya zamani kikikutana nayo huona kila ujumbe ni kosa na kuukatiza. Fundi, kabla hujatoa pesa, usimuulize muuzaji tu kama mashine inasoma Toyota. Muulize kama inasoma CAN FD, na akuonyeshe kwenye gari.