Mimea Iliyokataa Kukaushwa

Elimu ya kutambua mimea ilijengwa juu ya karatasi. Tangu karne ya 16, mtaalamu alikata tawi lenye majani na maua, akalibana hadi likakauka, akalibandika na kuandika pembeni lilikotoka. Mkusanyiko wa karatasi hizo, yaani hebaria, ndio unaotegemewa mpaka leo kila jina linapobishaniwa. Lakini mpungate, mshubiri, mnyaa na jamaa zao hawakuwahi kuutii utaratibu huo. Mimea hii hustahimili ukame kwa kuweka akiba ya maji katika shina, jani au mzizi, na kwa hiyo ukiibana haifi upesi. Hukaa hai majuma kadhaa, hupukutisha majani, huota ukungu, na ikikauka hatimaye hubaki ganda lililosinyaa. Mbavu za shina, unene wa jani, rangi na madoa yake, yaani zile alama hasa zinazotenganisha spishi na spishi, hupotea. Ndiyo maana historia ya kuitambua mimea hii haikuandikwa na wenye hebaria peke yao. Kwa sehemu kubwa iliandikwa na watu walioiotesha kwa mapenzi, na mchango wao ulikuwa wa lazima.

Ushahidi wa kwanza unapatikana kwa Mwingereza Richard Bradley, aliyetoa kitabu chake cha mimea hii kwa mafungu kati ya 1716 na 1727. Jina refu la kitabu hicho lenyewe linatangaza kuwa kinashughulikia mimea isiyoweza kuwekwa katika hebaria. Bradley alitumia michoro badala ya vielelezo vikavu, na mchoro wa namna hiyo unahitaji mmea ulio hai mbele ya mchoraji. Carolus Linnaeus, aliyeweka misingi ya majina ya kisayansi, mwaka 1753 aliitia jamii yote ya kaktasi, ambayo mpungate ni mmojawapo, katika jenasi moja yenye spishi 22 tu. Leo zinatambuliwa zaidi ya 1,400. Pengo hilo lilianza kuzibwa na watu wenye vitalu. Adrian Haworth aliiacha sheria, akaishi Chelsea akiotesha mimea yake, na mwaka 1812 akachapisha orodha iliyopanga upya kundi zima la mimea yenye akiba ya maji. Huko Ujerumani, Joseph wa Salm-Reifferscheid-Dyck, mtawala mdogo mwenye bustani kubwa karibu na Düsseldorf, alianza mwaka 1836 kutoa michoro ya mishubiri iliyochorwa kutoka kwenye mimea yake mwenyewe. Wote wawili walikuwa na kitu ambacho karatasi haikuweza kuwapa: muda wa kuutazama mmea uleule ukikua, ukibadilika na kuchanua.

Barani Afrika mtindo huo uliendelea. Gilbert Reynolds alikuwa mpimaji wa macho na muuza miwani Johannesburg, lakini vitabu vyake vya 1950 na 1966 ndivyo vilivyoiweka sawa mishubiri ya Afrika Kusini, kisha ya Afrika ya tropiki na Madagascar. Mfano wa Desmond Cole unatufaa zaidi, maana alikuwa profesa wa lugha za Kibantu na mwandishi wa sarufi ya Kitswana. Yeye na mkewe Naureen walizunguka kusini mwa Afrika wakitafuta Lithops, mimea midogo inayofanana na mawe. Kila kundi walilolikuta lilipewa namba yake na maelezo ya mahali lilipo, hadi namba takriban 400. Umuhimu wa kazi hiyo ni huu: ndani ya kundi moja la Lithops madoa hutofautiana sana, na anayeona mmea mmoja tu huweza kudhani amepata spishi mpya. Ni kwa kulinganisha makundi mengi, na kuotesha mbegu zake, ndipo hujulikana tofauti ipi inarithiwa. Mpaka leo waoteshaji hupeana mbegu kwa namba za Cole.

Mwanasayansi anaweza kupinga kwamba wapenzi hao pia walivuruga majina. Ni kweli. Curt Backeberg, mfanyabiashara wa kaktasi wa Ujerumani, aliigawa jamii hiyo katika jenasi nyingi ambazo baadaye zilikataliwa. Hata hivyo kosa hili si la wapenzi peke yao. Peter Bally, aliyewahi kuwa mtaalamu wa mimea wa Coryndon Museum, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, mwaka 1961 alitoa kitabu kizima juu ya Monadenium, jenasi yenye spishi nyingi Tanzania. Mwaka 2006 uchunguzi wa vinasaba uliiingiza katika Euphorbia, jenasi ya mnyaa. Jina la jenasi lilibadilika, lakini maelezo na michoro ya Bally bado inafaa kutofautisha spishi moja na nyingine. Vinasaba vinaeleza undugu. Anayetaka kujua mmea alioushika ni upi bado anahitaji maelezo ya umbo lake, na vipimo vya maabara havina faida kubwa kama haijulikani sampuli ilichumwa wapi.

Pingamizi zito zaidi ni la uporaji. Mkataba wa CITES ulioanza kutumika mwaka 1975 unadhibiti biashara ya kimataifa ya karibu jamii yote ya kaktasi, kwa sababu tamaa ya wakusanyaji ilikuwa imetishia makazi yake. Katika miaka ya karibuni wezi wamechimba kwa wingi mimea midogo ya Conophytum huko Afrika Kusini, na waandishi sasa huficha mahali kamili spishi zinapoota. Hapa hakuna utetezi: anayenunua bila kuuliza mmea umetoka wapi ndiye soko la mwizi. Lakini dawa ya uovu huo inatoka katika desturi ileile ya kuotesha na kuandika. Mkataba unadhibiti mishubiri yote isipokuwa Aloe vera, kwa hiyo ofisa wa forodha lazima aweze kuitofautisha na Aloe secundiflora inayovunwa utomvu Kenya. Tofauti hiyo inafundishika kwa mimea hai yenye kumbukumbu, na mmea uliooteshwa kwa mbegu inayojulikana asili yake hauhitaji kung'olewa porini.

Mstari wa kutenganisha, basi, haupiti kati ya mtaalamu na mpenzi wa mimea. Backeberg aliuza, Reynolds alipima macho, Cole alifundisha sarufi. Kinachobaki katika kazi ya kila mmoja ni kile alichokiandika kwa usahihi kuhusu mahali, wakati na sura ya mmea. Chungu kisicho na kibandiko ni pambo la baraza. Kikiandikwa mbegu ilitoka wapi na lini, kinaingia katika ushahidi ambao hebaria haiwezi kuutoa peke yake.