Cartagena, Mji wa Ngome Mbili

Miongoni mwa miji iliyojengwa na Wahispania kandokando ya Bahari ya Karibi, ni michache mno iwezayo kushindana kwa haiba na Cartagena de Indias, ulio katika pwani ya kaskazini ya Kolombia, ambao kuta zake za mawe ya matumbawe, vichochoro vyake vyembamba, roshani zake za mbao zilizozongwa na maua, na behewa za nyumba zake zenye kivuli na birika za maji ya mvua, humkaribisha mtu wa Lamu au Unguja kama aliyefika kwa jamaa. Wala ujamaa huo si wa kuwazia tu, kwani Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania, aliyeitwaa pia taji ya Ureno mwaka 1580, aliwatumia wahandisi wa Kiitaliano kuzizungushia ngome milki zake: Giovanni Battista Cairati ndiye aliyechora ramani ya Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilhali Bautista Antonelli alipelekwa Karibi kuziimarisha Cartagena na bandari nyingine za huko.

Mji uliasisiwa na Pedro de Heredia mwaka 1533, mahali palipokuwa na kijiji cha wenyeji kilichoitwa Kalamari, na baada ya moto wa 1552 kuziteketeza nyumba zake za miti na makuti, ikaamriwa kwamba watu wajenge kwa mawe, matofali na vigae. Hapo ndipo zilipotia nanga merikebu zilizokuja kupakia dhahabu ya bara na kungojea habari za fedha ya Peru. Na kwa kuwa mali haikosi wenye kuitamani, Francis Drake aliuvamia mji mwaka 1586, akauchoma sehemu, wala hakuondoka mpaka alipolipwa kikomboleo cha dukati 107,000. Baada ya msiba huo ndipo alipokuja Antonelli, na kazi aliyoianza ikaendelea kwa takriban karne mbili, hata kuta zikatimia kilomita 11 hivi, na juu ya kilima cha San Lázaro ikasimama ngome ya San Felipe de Barajas, iliyoanza kujengwa 1657 na kupanuliwa katika karne iliyofuata na Antonio de Arévalo, ambaye kadhalika alijenga ukuta chini ya maji kuuziba mlango mpana wa Bocagrande, ili kila chombo kilazimike kupita Bocachica, mlango mwembamba uliolindwa na mizinga ya pande zote mbili.

Mwaka 1741 Edward Vernon wa Uingereza alikuja na merikebu zaidi ya 180, na huko kwao zikafuliwa medali za kushangilia ushindi ambao haukupatikana asilani, kwa kuwa Blas de Lezo, baharia mwenye mguu mmoja na jicho moja, pamoja na kuta hizo na homa ya manjano, walimrudisha mikono mitupu.

Hizo ndizo habari ambazo mgeni husimuliwa kwanza. Walakini adhama yote hiyo ilibebwa mabegani mwa Waafrika waliotekwa na kuletwa kwa nguvu, kwani Cartagena ilikuwa miongoni mwa bandari kuu za biashara ya watumwa katika Amerika ya Wahispania, na uwanja ambao leo huitwa Plaza de los Coches, palipo na kivuli na wauza halua, ulikuwa soko la wanadamu. Padri Pedro Claver, aliyefariki 1654, husifiwa kwa haki kwa kuwahudumia wagonjwa waliotolewa matumboni mwa majahazi ya watumwa. Lakini asingeweza kusema na wengi wao lau si wakalimani wake, akina Andrés Sacabuche wa Angola, ambao nao walikuwa watumwa.

Na si watumwa wote waliokubali hali hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 17 Benkos Biohó alitoroka na wenziwe, wakajizungushia boma la magogo porini, wakapigana hata gavana akalazimika kufanya suluhu nao, ingawa baadaye suluhu ilivunjwa na Benkos akanyongwa, mwaka 1621. Watu wa San Basilio de Palenque humhesabu kuwa mwasisi wao, na kijiji chao kingali hai, kina ngoma zake, maziko yake, na lugha yake iliyochanganya Kihispania na Kikongo, ndugu wa Kiswahili chetu katika ukoo wa Kibantu. Tarehe 11 Novemba 1811, mji ulipotangaza uhuru wake, waliowashurutisha wakubwa watie sahihi walikuwa mafundi na vibarua wa mtaa wa Getsemaní, wengi wao wa asili ya Afrika, wakiongozwa na Pedro Romero.

Kuta za mawe zilitekwa na Wafaransa mwaka 1697, na mwaka 1815 Pablo Morillo aliuzingira mji hata maelfu wakafa kwa njaa, ndipo ukasalimu amri. Bali lile boma la magogo lilimlazimisha gavana wa mfalme kufanya suluhu na waliokuwa ndani yake. UNESCO iliziheshimu kuta mwaka 1984 na utamaduni wa Palenque mwaka 2005, na mpangilio wa heshima hizo haupasi kuwa mpangilio wa mapenzi yetu, kwa maana ngome ya kwanza ililinda hazina ya mtu mmoja aliyekuwa mbali, na ya pili ililinda utu wa walioijenga.