Chaguo-msingi: aliyechagua ni nani?

Fungua mipangilio ya simu iliyowekwa Kiswahili, nawe utakutana na neno chaguo-msingi, ambalo wengine huliunganisha wakaandika chaguomsingi. Ni kivinjari kinachofunguka ukigusa kiungo, mlio unaosikika kabla hujaweka wako, ukubwa wa herufi uliokuja na simu. Kwa ufundi wake, ni kile ambacho programu hukitumia mtumiaji asipotoa maelekezo yoyote.

Kiingereza hukiita "default", neno lililotoka katika Kifaransa cha kale likiwa na maana ya upungufu au kukosekana. Maana hiyo ingali hai nje ya kompyuta. Mkopaji akishindwa kulipa deni, au mdaiwa asipofika mahakamani na hukumu ikatolewa hayupo, neno ni hilohilo. Istilahi hiyo basi inakiri kwamba kuna mtu hakuwepo na uamuzi ukapita bila yeye. Kiswahili kimeshika njia nyingine. Kimesema chaguo, na chaguo haliwi bila mchaguzi. Ndiyo maana kila tunapolitumia neno hili tuna haki ya kuuliza nani alichagua.

Swali hilo lilizua mtafaruku mkubwa tarehe 6 Desemba 2018, ilipotoka WordPress 5.0. Programu hii huria ya kuchapisha tovuti, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, wakati huo ilikadiriwa kuendesha karibu theluthi moja ya tovuti duniani. Toleo la 5.0 lilibadili chaguo-msingi la kitu ambacho mwandishi hukishika kila siku: kihariri. Cha zamani kilikuwa uga mmoja mweupe wenye safu ya vitufe juu yake; unaandika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kipya, kilichopewa jina la Gutenberg, yule mpigachapa wa Mainz, kiliugawa ukurasa vipandevipande. Kila aya, kila picha na kila kichwa kikawa bloku yenye upauzana wake. Ukimaliza aya na kubonyeza kitufe cha kushuka mstari, umeshaingia bloku nyingine.

Malalamiko yalikuwa na misingi. Wajenzi wa tovuti walikuwa na programu-jalizi zilizotegemea kihariri cha zamani, tena walikuwa na wateja waliokwisha kuzoea kukitumia. Tarehe ya kutoka, iliyopangwa kuwa Novemba, ilisogezwa mbele, mwishowe ikaangukia siku moja kabla ya mkutano mkubwa wa jumuiya ya WordPress mjini Nashville, katikati ya msimu wa mauzo ya mwisho wa mwaka. Lalamiko zito zaidi lilikuwa la watu wasioona na wanaotumia kibodi pekee. Rian Rietveld, aliyekuwa akiongoza kikundi cha ufikivu, alijiuzulu Oktoba 2018, akaeleza hadharani jinsi ilivyokuwa vigumu kukifanya kihariri kipya kifikike kwao.

Ni kweli hakuna aliyefungwa mikono. Mtu aliweza kubaki na toleo la 4.9 likiendelea kupata marekebisho ya usalama. Wapo waliouchukua msimbo wa toleo hilo wakaanzisha programu yao, ClassicPress. Lakini wengi hawana ujuzi wala muda wa hayo. Wao hubaki na walichowekewa, na hapo ndipo ilipo nguvu ya chaguo-msingi. Mwaka 2003 watafiti Eric Johnson na Daniel Goldstein walilinganisha nchi za Ulaya kuhusu ridhaa ya kutoa viungo baada ya kifo. Ujerumani, ambako mtu alipaswa kutoa ridhaa mwenyewe ili ahesabiwe amekubali, waliokubali walikuwa takriban asilimia 12. Austria, ambako mtu alihesabiwa amekubali mpaka akatae, walizidi asilimia 99. Majirani hao hawakutofautiana kwa huruma kiasi hicho. Kilichotofautiana ni jibu lililoandikwa kabla mtu hajaulizwa.

Nafuu ya watumiaji wa WordPress ilikuja kwa programu-jalizi rasmi iitwayo Classic Editor, iliyorudisha kihariri cha zamani na kusakinishwa katika tovuti zaidi ya milioni 5. Ukifungua mipangilio yake unakuta maswali mawili. La kwanza: kihariri kipi kiwe chaguo-msingi kwa watumiaji wote? La pili: je, watumiaji waruhusiwe kubadili kihariri? Maswali hayo mawili yanatosha kufafanua istilahi yetu nzima. La kwanza linamtaja anayechagua, yaani msimamizi wa tovuti. La pili linauliza kama mwandishi naye ana sauti. Laiti yangekuwa ndani ya programu yenyewe tangu siku ya kwanza, pasipo kumlazimu mtu kwenda kuyatafuta, hasira ile ingepungua sana.

Wapo wanaopendelea "mpangilio wa awali", nao wana hoja. Ni maneno ya wazi, hayamsingizii mtumiaji uamuzi ambao hakuufanya. Aidha, neno "msingi" linaweza kumtisha mtu adhani akiligusa ataharibu kitu. Hata hivyo nalitetea chaguo-msingi, kwa sababu linamdai mtengenezaji zaidi kuliko neno la Kiingereza linavyomdai. Chaguo ni chaguo pale tu panapokuwa na jingine la kuchukua. Mpangilio usioweza kubadilishwa haustahili kuitwa hivyo. Huo ni wa lazima, na mfasiri auite mpangilio wa lazima.

Kwa hiyo katika faharasa zetu ningependa lifafanuliwe hivi: chaguo-msingi ni mpangilio uliowekwa na mtengenezaji au msimamizi, unaotumika hadi mtumiaji achague mwingine. Mfasiri wa programu, kabla hajaliandika neno hili kwenye skrini, na ahakikishe kwamba huo mwingine upo na unaonekana. Asipouona, awaambie waliomtuma kazi, kwa kuwa yeye huenda ndiye msemaji wa Kiswahili wa mwisho kuipitia skrini hiyo kabla haijatufikia sote.