Maji ya robine Lusangi: mambo ya kujua mbele ya kunywa

Katika Lusangi, kama katika senta nyingi za teritware ya Kabambare na ya Kasongo, familia haitegemei maji ya pahali pamoja tu. Siku robine inatoa, watu wanapanga bidoni. Siku haitoi, wamama na watoto wanashuka ku chemchem, ku kisima ao ku mto. Wengi wanauliza: maji ya robine ni salama? Jibu linategemea kwenye maji yanatoka, njia yenye yanapita, na chombo chenye yanaingia.

Maji safi ni maji gani?

Macho hayatoshi. Maji yanaweza kung'aa na yakabeba mikrobe ya kipindupindu, tifoide ao kuhara damu. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linaomba kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa kusipatikane hata mikrobe moja ya E. coli, ile yenye kuishi ndani ya mavi ya watu na ya wanyama. Maji yenye kutiwa klori yanapashwa kufika ku robine yakiwa bado na klori, angalau miligramu 0,2 kwa lita moja. Wengine wanakataa maji juu yananuka dawa. Kumbe ile harufu kidogo ni alama kwamba klori ingali inalinda maji.

Uchafu unaingia wapi?

Katika vijiji vya milima, mara nyingi maji yanateremka yenyewe: chemchem inajengewa simenti, maji yanapita ndani ya tiyo, yanajaza tanki, kisha yanafika ku robine. Haiombi mashine wala umeme. Lakini mara nyingi hakuna mtu wa kutia klori, basi usalama wote uko kwenye chemchem. Kama juu yake kuna choo, shamba ao mbuzi wanapita, mvua inateremsha uchafu ndani. Ndiyo maana siku ya mvua kubwa maji yanabadilika rangi.

Hatari ya pili ni tiyo yenye kupasuka. Wakati maji yanapita kwa nguvu, yanatoka nje kupitia ule ufa. Wakati yanakatika, tiyo inabaki wazi, na matope ya inje yanaingia. Kwa hiyo maji ya kwanza kisha robine kukaa siku bila kutoa si ya kunywa. Acha yapite mpaka yang'ae, na hata hivyo yachemshe.

Fundisho la Uvira

Katika muji wa Uvira, pembeni ya ziwa Tanganyika, watafiti walilinganisha maji yenye Regideso ilitoa kila siku na hesabu ya wagonjwa wenye kupokelewa ku kituo cha kipindupindu, tangu 2009 mpaka 2014. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2015. Kisha siku moja bila maji ya robine, wagonjwa wenye kushukiwa kipindupindu walipanda kwa 155 % katika siku 12 zenye kufuata, ukilinganisha na wakati maji yanatoka vizuri. Karibu mgonjwa 1 kati ya 4 alihesabiwa juu ya ule upungufu wa maji.

Maana yake ni wazi: robine yenye kukauka inagonjesha watu sawa na robine chafu. Watu wanarudilia maji ya ziwa ao ya mto, na wanapunguza kunawa mikono.

Kazi ya nyumbani

Maji mazuri yanaweza kuharibika ndani ya bidoni. Osha bidoni ndani, ifunike, na usichote na kopo yenye kushikwa na kila mkono. Kisha chagua njia moja:

- Kuchemsha: ngoja maji yatokote kabisa, yapoe ndani ya chombo chenye kufunikwa.
- Klori: kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji yenye kung'aa. Ngoja dakika 30. Soma pakiti, juu vidonge havilingani. Maji ya matope, uyachuje kwanza na kitambaa safi.
- Jua: chupa ya plastiki yenye kung'aa, isipite lita 2, ilazwe juani saa 6, kama kuna mawingu, siku 2.

Njia hizi zinaua mikrobe tu. Haziondoe zebaki, yenye wachimbaji wanatumia kwa kushikisha zahabu. Kwa hiyo usinywe maji ya mto yenye kutokea kwenye wanasafishia zahabu, hata ukiyachemsha.

Mtu akianza kuhara sana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kulinganishwa juu. Anywe kidogo kidogo, na mumupeleke ku kituo cha afya bila kungoja.

Nani anajibu juu ya maji?

Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2006 kinasema kupata maji ya kunywa ni haki ya raia. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ilifungua kazi hii kwa wengine, si Regideso peke yake. Kinshasa na Mbuji-Mayi kuna mitaa yenye kuongoza maji yake kupitia mashirika ya watumiaji, ASUREP: watu wanalipa kidogo kwa bidoni, na ile feza inatengeneza mitambo.

Basi pahali kuna kamati ya maji, mukaaji ana haki ya kuuliza mkutanoni: Chemchem imezungushiwa lupango? Tanki ilioshwa lini? Zone ya afya ilipima maji lini? Feza ya bidoni iko wapi, na inatosha kununua tiyo siku moja ikipasuka? Swali la mwisho ndilo lenye kuachwa mara nyingi, na Uvira imeonyesha bei yake.